Maji Yanayosubiri Samaki

6 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo.

Kuna mlio umenikaa masikioni tangu nilipotoka kwako, nao ni mlio wa komeo. Nilikuwa sijafika hata barabarani, begi likiwa begani, nikasikia komeo la mlango wa mbele likisukumwa, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu pale mwisho ambapo chuma hukwama. Zamani nikiondoka mlango ulibaki wazi mpaka nikate kona, maana Babu alisimama kizingitini akinipungia gazeti lake. Safari hii nilisimama njiani kama mtu aliyesahau kitu, halafu nikaendelea na safari.

Huku kwetu sote wazima. Baba mdogo anakusalimu. Mtoto wake ameota meno ya mbele na sasa hakuna kidole kilicho salama nyumbani kwake. Mimi bado niko pale pale duka la miwani, bado napima macho. Chumba cha kupimia ni chembamba na chenye giza, na watu wakiingia humo hushusha sauti bila kuambiwa. Nawawekea lenzi moja baada ya nyingine. Mtu akifikiwa na lenzi inayomfaa hukaa kimya kidogo kabla ya kusema, "Hapo." Nimeanza kuupenda ule ukimya kuliko hilo neno lenyewe.

Sasa usinicheke. Nimenunua tangi la kioo, la kufugia samaki wa maji ya chumvi. Nimeliweka kwenye kile chumba cha pili, nikatandaza mchanga mweupe, nikapanga mawe makavu yenye matundu, nikakoroga chumvi ndani ya ndoo mpaka maji yakawa na ladha ya machozi. Kuna kifaa cha kuyapa joto na pampu ya kuyazungusha. Samaki bado. Anayeuza vitu hivi ni mzee mmoja ambaye mimi namwita Bwana Subira, kwa sababu hana jibu jingine. Nilimwambia nataka samaki wawili tu, wadogo.

"Dada, subiri."

"Hata mmoja?"

"Dada, hata kivuli chake. Maji yako bado ni mageni. Ukimtia samaki leo, kinyesi chake mwenyewe kitamuua."

Kwa hiyo ninangoja. Jioni navuta kiti, nakaa mbele ya maji yasiyo na kitu, na taa ya tangi hutupa mawimbi madogo kwenye dari.

Hicho chumba cha pili, Bibi, nimekipaka rangi nyeupe na kukiwekea kitanda. Nilikipaka kwa ajili yako. Ninaomba uje ukae nami. Ninaposema kukaa nina maana ya kukaa, si kutembea. Nyumba ile ni kubwa mno kwa mtu mmoja na komeo lake.

Mke mwenzako mdogo.


27 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako imefika na pembe moja imelowa, nikasema huyu kafungulia tangi lake ndani ya bahasha.

Mimi mzima. Kuku mzima. Paka wa jirani amezaa chini ya kabati langu la vyombo, hakuomba ruhusa, na mimi sikumfukuza maana mzazi hafukuzwi. Jirani mwenyewe, yule mshonaji, anahama. Binti yake amejifungua mapacha na anamtaka. Nimezoea mlio wa cherehani yake nyuma ya ukuta kama watu walivyozoea mvua juu ya bati. Basi, aende, mjukuu ni mjukuu.

Sasa hili la tangi. Wenzako wananunua samaki wanapewa maji bure. Wewe umenunua maji, unangoja samaki. Marehemu mume wetu angekuwepo angesema elimu imekuingilia mlango wa nyuma. Yeye aliwahi kuniletea samaki hai ndani ya mfuko, tukiwa wachumba, akidhani ni ua. Nilimkaanga jioni ile ile, na mume wetu akala, akasifu.

Kuhusu kuja kukaa, nakushukuru. Lakini mimi nina nyumba. Mtu mwenye nyumba akienda kukaa kwa mtu, watu huuliza nyumba imefanya nini.

Utaona mwandiko umepinda. Mkono wa kulia umechoka. Usiniulize.

Kula vizuri. Kwenye picha uliyonitumia shingo imekuwa kama ya kuku wangu.

Bi mkubwa.


15 Machi

Bibi,

Shikamoo tena, na pole ya mkono. Mtoto wa baba mdogo sasa anauma hadi meza. Mimi nimenenepa kidogo, au angalau nimekula vizuri wiki hii kwa kukuogopa.

Tangi limeanza kunuka. Bwana Subira alinipa kamba mmoja mbichi, kamba wa kupikwa mwenye ndevu zake zote, akaniambia nimwache kwenye maji aoze. Nilidhani ananitania. Akasema maji mapya hayajui la kufanya na kifo. Hayana budi kufundishwa. Kamba anaoza, anatoa sumu, na hiyo sumu inawaita vijidudu vinavyoila. Navyo vikishaila vinaacha sumu ya pili, na hiyo ya pili nayo ina walaji wake, ambao huja nyuma, polepole, kama wageni wasiopenda kutangulia. Wote hao hawaonekani. Wanaishi juu ya mawe, ndani ya matundu yake. Kila siku nachota maji kidogo kwenye kichupa, natia matone, nasubiri rangi. Yakibaki ya njano ni salama. Yangu ni ya kijani kama jani la mgomba.

Nakaa mbele ya yule kamba anayeota nyuzi nyeupe, na mawazo yananipeleka kwa Babu, kisha nayarudisha. Labda siku moja nitakuambia yanafika wapi.

Sasa nikuulize lile ulilonikataza. Baba mdogo alinipigia simu. Anasema ulianguka nyuma ya nyumba, karibu na bomba, ukalala pale mpaka mshonaji alipokuja kuanua nguo. Anasema mkono ulivimba ukawa kama mkate. Wewe uliniandikia kwamba umechoka. Na huyo aliyekuokota ndiye anayehama. Umeniandikia yote mawili kwenye ukurasa mmoja, la mapacha na la mkono, bila kuyakutanisha.

Baba mdogo anasema hatakuacha peke yako mvua zijazo. Uje kwangu au akuchukue kwake, lakini pale hubaki. Bibi, njoo kwangu. Kama kukaa ni neno zito, njoo kwa mwezi mmoja tu, uone chumba, kisha useme.

Mke mwenzako.


2 Aprili

Mke mwenzangu,

Kwanza, niliteleza. Kuanguka ni neno la mwanangu. Tangu akiwa mdogo anapenda kuongeza chumvi.

Pili, mshonaji amekwishaondoka. Nyumba yake imefungwa. Paka na watoto wake wote wamehamia kwangu rasmi.

Tatu, nitakuja, huo mwezi mmoja. Usinipikie makubwa. Usiwaalike watu wa kazini kwako kuja kunitazama. Na huyo kamba mtoe kabla sijafika, siwezi kulala chumba kimoja na maiti nisiyemjua.

Bi mkubwa.


9 Mei

Bibi,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na kuku alikutambua. Baba mdogo amenilaumu kwamba nimekuacha uondoke. Nimemwambia wewe huachwi wala huzuiwi, wewe ni kama hali ya hewa. Hakucheka.

Nimekaa muda mrefu bila kuandika kwa sababu kila nilipoanza, barua iligeuka kuwa swali moja tu. Acha nianze na mawe.

Wiki moja kabla hujaja, mawe yalianza kubadilika. Yalipata utelezi, kisha vumbi la kahawia, kama kutu laini. Kwenye kichupa ile sumu ya kwanza ilikuwa imeshuka na ya pili inaanza kupungua. Bwana Subira alisugua viganja vyake akasema, "Karibu, dada, karibu." Lakini mimi niliyaona yale mawe kwa macho yako. Wewe ndiye uliyekuwa mkuu wa chumba cha kufulia cha hospitali, uliyetusimamisha mimi na binamu zangu mbele ya beseni na kutuambia kwamba kinachoteleza ni uchafu, na uchafu haungoji kesho. Nikaona aibu. Siku moja kabla ya basi lako nilikunja mikono, nikayatoa mawe yote, nikayasugua kwa brashi chini ya bomba mpaka yakawa meupe kama meno. Mchanga nao nikauosha. Hata kuta za chumba nilizifuta.

Ukaja. Ukapitisha kidole juu ya meza, juu ya fremu ya dirisha, juu ya ukingo wa tangi. Ukasema, "Safi." Usiku ule nililala kwa furaha kama mtoto aliyepewa cheti.

Ulisema utakaa mwezi. Jumapili ile ya kwanza nilikukuta sebuleni umevaa koti, begi miguuni, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Ukasema ni mgongo. Bibi, mgongo wako ninaujua. Haujawahi kuuma siku usiyokuwa na kazi.

Ulipoondoka nilipima maji. Yalikuwa ya kijani tena, kijani kibichi kuliko mwanzo. Nilimpelekea Bwana Subira kichupa. Alikiinua kwenye mwanga, akaniuliza nimefanya nini, nikamweleza. Alicheka hadi akashika kaunta.

"Dada, umewafulia wenyeji wakafa. Dawa iliyomo kwenye maji ya bomba ni ya kuua vijidudu, na wewe umeiendea mwenyewe na brashi."

"Nilitaka mgeni akute pasafi."

"Pasafi hivyo hapaishi kitu," akasema, na akanipa kamba mwingine.

Kwa hiyo tangi limerudi mwanzo, na mimi kila nikirudi kazini napita mbele ya kitanda chako kilichotandikwa. Shuka halina hata mkunjo. Swali langu ndilo hili, na ukilijibu kwa mgongo sitalikubali: kwa nini uliondoka?

Mjukuu wako.


11 Juni

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mke mwenzangu. Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu nilikuwa nalo na sikutaka kulitoa.

Siku ya kwanza ulipokwenda kazini nilifagia. Hapakuwa na taka. Nikafua nguo zilizokwisha fuliwa. Nikakaa. Mara nikasikia viatu kwenye ngazi, nikajifunga kitenge vizuri, nikasogea karibu na mlango. Vikapita. Vikaja vingine, vikapita. Nilihesabu milango ya watu ikifungwa juu yangu na chini yangu, na sikuona uso wa hata mmoja. Saa nane nikatoka nje ya mlango, kwenye ujia, nikasimama tu. Akatokea kijana mmoja na mkoba, nikamwambia habari za mchana, akaangalia nyuma yake kuona nasema na nani.

Mwanangu, una ndoo nzima ya chumvi jikoni, na hakuna mtu wa kuja kukuomba hata kijiko.

Hilo ni langu, na lingevumilika. Mimi ni mtu mzima, nimezika mume, nakijua kimya. Lililonitoa ni jingine. Jioni ukarudi. Ukavua viatu, ukaenda moja kwa moja mbele ya lile tangi, ukaliambia habari za siku yako. Kwa sauti. Ulizungumza na maji, na mimi nipo nyuma yako nimeshika kikombe chako cha chai. Kisha ukashtuka ukakumbuka kwamba siku hizo kuna mtu. Nikajiuliza, huyu mtoto tangu babu yake aondoke, nani anamgongea mlango? Na sikuwa na nguvu ya kukaa nikitazama jibu.

Nilidhani ninakuja kutunzwa. Nikakuta tuko wawili tuliofunga komeo.

Baba yako mdogo atakuja kunichukua mvua zikianza. Nimekubali. Mkwe wangu ni mtu mwema. Ananiita mama, hanipandishii sauti, na kila nikiingia ananipa kiti kizuri. Mgeni ndiye hupewa kiti kizuri. Lakini nitakaa. Kuku nitamgawa. Wale paka sijui.

Wewe kula. Na mtafute mtu wa kugombana naye, hata mara moja kwa wiki.

Bibi yako.


4 Julai

Bibi yangu, bi mkubwa,

Shikamoo. Mtoto wa baba mdogo ameanza kutembea. Anatembea kinyumenyume tu. Kazini wamenipa chumba kikubwa zaidi cha kupimia, na bado ni chembamba.

Barua yako niliisomea humo, kwenye giza, kwa ile taa ndogo ya kumulikia jicho, kati ya mteja mmoja na mwingine. Mteja aliyefuata aliniuliza kama naumwa macho. Nikamwambia ni mafua. Umeniuliza nani ananigongea mlango. Nimelipitia hilo swali pole pole, nyuma hadi siku ya mazishi, na ninalo jibu, na wewe unalijua, kwa hiyo tusilitie wino.

Maji yamekuwa tayari. Safari hii sikuyagusa. Utelezi ulikuja nikauacha, kutu ikaja nikaiacha, kioo kikawa na ukungu wa kijani pembeni nikauacha. Jioni moja nilitia matone nikasubiri, na rangi ikabaki ya njano. Nikapima sumu ya pili, nayo haipo. Nilikaa sakafuni. Maji yalikuwa yale yale, lakini kulikuwa na umati ndani yake, Bibi, umati usioonekana unaokula na kufanya kazi, na nilihisi kama mtu aliyeamka kwenye chumba cha watu waliolala wakipumua. Bwana Subira alikuwa amenitengea samaki wawili wenye mistari. Alinipigia simu nije kuwachukua.

"Subiri," nikamwambia.

Nikamsikia akivuta kiti.

"Dada," akasema, "hilo neno ni langu."

Nilikuwa nimeanza kutafuta nyumba. Kila siku nikitoka kazini sikupanda ngazi zangu, nilipita mitaa ya nyuma nikiuliza. Nimeiona moja. Iko chini, ua mmoja wenye milango minne, bomba moja katikati, kamba za nguo zimepishana mpaka unapita umeinama. Ukuta wa jikoni una masizi ya watu wengine. Sakafu ina ufa uliozibwa na saruji ya rangi tofauti. Mlango wa pili yupo mama anayefua nguo za watu kwa malipo. Nimemwona anasuuza mashuka mara moja tu, Bibi, mara moja, na anayaanika yakiwa bado yanateleza kwa sabuni. Sikumwambia kitu. Sina cheo hicho.

Nimeipanga. Kuhamisha tangi kulinichukua siku nzima. Mawe nimeyabeba ndani ya ndoo, kwenye maji yake yenyewe, nimeyafunika taulo zilizolowa. Bwana Subira alikuja kusaidia, akashika ndoo moja kwa mikono miwili kama amebeba kichanga. Anasema wakazi wake wakibaki wamelowa watavumilia safari. Nimepima jana na leo. Wamevumilia.

Nyumba yenyewe ni mpya kwangu, na nimekwishajifunza kwamba mtu haingizwi siku ya kwanza. Basi nimetangulia kuingia mimi. Jioni ya kwanza nilihitaji kupigilia msumari wa pazia. Kwenye kile chumba cha ghorofani ningengoja kesho ninunue nyundo. Nilisimama mlangoni kwa yule mama wa nguo kama nakwenda kuiba, nikapiga hodi.

"Nani?"

"Jirani. Naomba nyundo."

"Wewe ndiye uliyekuja na ndoo za mawe?"

"Ndiye mimi."

"Mawe umeyavika taulo. Watoto wanasema una wazimu."

"Ni ya samaki."

"Samaki wako wapi?"

"Bado."

Akaingia ndani, akatoka na nyundo. "Shika," akasema. "Na uirudishe leo, usiniletee mambo ya bado." Nilipoirudisha alinikalisha kwenye kigoda chenye mguu mbovu, akanieleza ugomvi wa mlango wa tatu na mlango wa nne tangu mwanzo wake, na kisha akaniuliza mimi niko upande gani. Nikasema sijui. Akasema nifikirie, maana hapo kila mtu ana upande. Nimelala nikifikiria. Nadhani nitakuwa mlango wa nne.

Sijakuuliza kabla, kwa sababu ungenikataza kwa ajili yangu, na ungetumia maneno mazuri. Ungesema kwamba kijana hahami ghorofa kwa ajili ya mzee. Sikuhama kwa ajili yako peke yako. Ulichokiona jioni ile, umenisimulia vile kilivyokuwa, na mimi sitaki kuonekana tena hivyo, na mtu yeyote, hata na wewe.

Baba mdogo nimezungumza naye. Alipinga, akataja bomba, akataja ufa, kisha akaniuliza kama ua una kivuli. Nikamwambia upo. Mvua zikianza gari lake litafika mlangoni kwako kama mlivyopanga, na dereva ameambiwa akuulize wewe unakwenda wapi. Ukisema kwa mwanao, atakupeleka, na mimi nitakuja kukusalimu kila juma nikae kwenye kiti kizuri. Ukisema huku, njia ameandikiwa. Kuna nafasi ya kuku, na ya paka wote.

Lakini hata ukisema huko, mimi sirudi ghorofani. Ijumaa nilimrudishia mwenye nyumba funguo zake, na tangu usiku huo ninalala huku.

Bi mdogo wako.